Wali wa Juu ya Meza ya Kukatia

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa cha kazi. Humo mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, pasi nzito ya mkaa, na meza ndefu ya kukatia nguo. Cha kati kilikuwa cha kulala, kimegawanywa kwa pazia. Cha nyuma kilikuwa jiko, chenye dirisha dogo na rafu ya masufuria.

Zamani walikaa watatu humo. Sasa walibaki wawili, fundi na binti yake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita.

Binti huyo aliitwa Sindano. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwanza kwa sababu alizaliwa mwembamba, na pili kwa sababu utotoni kila akitafutwa alikuwa haonekani. Sasa alikuwa mtu mzima, anapiga pasi mashuka kwenye duka la dobi. Jioni akirudi mikono yake ilinukia sabuni na mvuke.

"Umekula, Baba?" Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila akivua viatu.

"Nimekula."

Sindano alikuwa akifunua sufuria na kukuta chakula kama alivyokiacha, kimemegwa upande mmoja tu, kama kimedonolewa na kifaranga. Fundi alikuwa anakonda. Suruali zake alizipunguza kiuno mwenyewe, halafu akazipunguza tena. Wateja walisifu kazi yake, lakini Sindano alipoziona zile suruali zikining'inia kwenye kamba, aliona tu jinsi baba yake anavyoisha.

"Baba, niambie unatamani nini," alimwomba siku moja. "Chochote. Nitapika."

Fundi alikuwa anatunga uzi. 

"Ule wali wa mama yako," akasema. "Ule wa kukaanga."

Sindano aliujua vizuri. Mama alikuwa akiupika kila Ijumaa. Alifundishwa alipokuwa bado bibi arusi, na jirani aliyetoka Indonesia. Mume wa jirani huyo alikuwa fundi wa mitambo. Wanawake wale wawili mwanzoni hawakuwa na lugha moja. Walifundishana kwa kuonyeshana vidole, kuonjeshana kijiko na kucheka. Kwao Indonesia, alisema yule jirani, chakula hicho huitwa nasi goreng, yaani wali wa kukaanga. Miaka mingi baada ya jirani kurudi kwao, mama aliendelea kuupika, na harufu yake ilimpokea Sindano njiani akitoka shule. Kitunguu swaumu kikiungua kidogo. Sukari na sosi ya soya vikichemka pamoja. Na uduvi, wale kamba wadogo wakavu, ambao mama aliwaponda kwenye kinu mpaka paka wa mtaa mzima wakaja mlangoni.

Sindano aliyakumbuka yote hayo. Alikumbuka pia kwamba kila alipofika nyumbani mchana, wali mweupe ulikuwa umeshapoa kwenye beseni, unasubiri karai. Hivyo aliamini ulikuwa wali wa jana. Hakuwahi kuuliza. Mtoto mwenye njaa haulizi.

Basi Jumamosi jioni alipika wali mwingi. Walipomaliza kula, aliubakiza ndani ya sufuria, akafunika, akauacha juu ya jiko mpaka kesho yake. Friji hawakuwa nalo, na usiku ule ulikuwa wa joto.

Jumapili mchana aliukaanga. Wali ulishikana mabonge mabonge, lakini harufu ilikuwa ile ile. Fundi alipoisikia, aliinuka kwenye cherehani bila kuitwa. Alikula sahani nzima. Sindano alikula kidogo tu, maana furaha ilikuwa imemshibisha.

Kabla jua halijatua, fundi alianza kutapika.

Alitapika mara ya kwanza, akasema ni uchovu. Alitapika tena, akakaa chini sakafuni, jasho jembamba likimtoka. Sindano naye tumbo lilimsokota, lakini hakulijali. Alitoka mbio kumwita jirani wa mlango wa pili.

Jirani huyo alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi zahanati miaka mingi. Alizoea kupita nyumba kwa nyumba akikagua vyoo na mitungi ya maji, na mtaa mzima ulimwita Bibi Afya. Alikuja na kitambaa cha jikoni bado begani.

"Shikamoo, Bibi. Baba anatapika."

"Marahaba. Fundi, una nini tena? Umemeza kifungo?"

"Afadhali ningemeza kifungo," fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Bibi Afya alimshika kiganja, akamtazama macho na ulimi. Akauliza kama kuna damu, akauliza kama amekojoa. Kisha akamgeukia Sindano.

"Chemsha maji, yapoe. Lita moja. Tia sukari vijiko vidogo sita, viwe sawasawa, visiwe vya mlima. Chumvi nusu kijiko kidogo, usizidishe. Koroga, umpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, umpe tena. Akishindwa kabisa kunywa, au asipokojoa, au ukiona damu au homa kali, hapo hakuna kusubiri. Hospitali."

Walimlaza fundi kitandani, na Sindano akafanya kama alivyoambiwa. Fundi alikunywa kijiko kwa kijiko, na baadaye kutapika kukapungua. Bibi Afya akavuta kigoda.

"Haya. Mlikula nini?"

"Wali wa kukaanga, Bibi. Wali wa jana."

"Ulilala wapi huo wali?"

"Kwenye sufuria. Juu ya jiko."

"Umefunikwa?"

"Nilifunika vizuri, nzi wasiingie."

"Nzi hawakuingia, ni kweli," Bibi Afya akasema. "Lakini adui alikuwa ndani tayari."

 Sindano alijisikia kama ameshikwa akiiba.

"Sikiliza, mwanangu, hukujua, na wengi hawajui. Ndani ya mchele mna vijidudu. Huvioni kwa macho. Ukipika wali, vingine havifi, vinajificha tu. Wali ukikaa muda mrefu na uvuguvugu wake, vinaamka na kuzaana, vinatoa sumu. Na sumu hiyo haiogopi moto. Hata ukikaanga mpaka karai lilie, ipo."

"Lakini haukunuka, Bibi. Nilinusa."

"Haunuki. Wala haubadiliki ladha. Ndiyo maana unatudanganya."

Kutoka kitandani fundi akasema, "Sindano."

"Abee, Baba."

"Usiupike tena wali huo. Mwache mama yako apumzike."

Hakusema kwa hasira. Lakini Sindano alihisi kama mlango umefungwa taratibu mbele ya uso wake. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumrudishia baba yake hamu ya kula, na sasa kitu hicho kilikuwa sumu. Alitoka akaenda kuosha karai, akalisugua kuliko lilivyohitaji.

Bibi Afya alimfuata jikoni.

"Unalia au ni kitunguu?"

"Kitunguu kiliisha mchana."

"Basi futa macho, tufikiri. Mama yako alipika wali huu miaka mingapi?"

"Tangu sijazaliwa."

"Mkaugua?"

Sindano akaacha kusugua. "Hapana. Hata mara moja."

"Na friji?"

"Hatujawahi kuwa nalo."

"Basi hakulaza wali. Mama yako namjua, alikuwa mtu wa utaratibu. Kuna kitu alifanya, na wewe hukukiona."

Sindano alifikiri. Asubuhi za Ijumaa yeye alikuwa shuleni. Mtu aliyekuwa nyumbani asubuhi hizo alikuwa mmoja tu.

Hakumuuliza siku ile. Alingoja mpaka fundi alipopata nguvu na kurudi kwenye kiti chake cha cherehani. Bibi Afya alikuwa amekuja kumjulia hali, ameketi mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba," Sindano akasema, "mama alikuwa anapika saa ngapi wali wa Ijumaa?"

"Sijui mambo ya jikoni mimi."

"Mweupe. Kabla ya kukaanga."

Fundi alikanyaga cherehani kidogo, kisha akaacha. Gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama.

"Asubuhi, ikikaribia saa zako za kutoka shule," akasema. "Nakumbuka kwa sababu alikuwa ananinyang'anya meza."

"Meza ipi?"

"Hii hii. Kila Ijumaa, nimeshatandika kitambaa, nimeshachora chaki, anakuja na masinia mawili. 'Sogeza vitambaa vyako, mume wangu.' Nasogeza. Anatandaza wali juu ya masinia, mwembamba mwembamba, anafunika na chandarua, ukipoa anaukusanya kwenye beseni. Mimi nakaa kama mgeni dukani kwangu."

"Hukumkataza?" Bibi Afya akauliza.

"Umemsahau? Nani angemkataza? Siku moja mteja alivaa koti lake jipya, akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje ya wali. Akaniuliza, 'Fundi, hii ni ofa?'"

Bibi Afya alicheka mpaka chai ikamwagika. Sindano naye akacheka, na alipomtazama baba yake akaona mdomo wake unacheza.

"Nilidhani ni kwa sababu jikoni ni kudogo," fundi akasema. "Miaka yote nilidhani hivyo."

"Alikuwa anaupoza haraka," Bibi Afya akasema. "Wali ukitandazwa mwembamba hupoa upesi. Ukirundikwa kwenye sufuria, katikati hukaa na joto nusu siku, na hapo ndipo vijidudu vinapofurahi. Asiye na friji apike wali siku ile ile, autandaze, na ukipoa tu, isizidi saa moja hivi, aukaange na kuula. Mwenye friji autie humo mara ukipoa, aumalize kesho yake. Kuupasha moto ni mara moja tu. Unaobaki hapo tena, kwaheri."

"Na kutandaza kunaukausha," Sindano akasema polepole. "Ndiyo maana wa mama haukushikana."

"Umeona? Mkono mmoja umefanya kazi mbili."

Sindano alimtazama baba yake. Fundi alitazama meza. Tangu msiba, meza ile ilikuwa imelemewa: vitambaa, mabaki, ramani za nguo za karatasi ngumu, makoti ya watu waliochoka kusubiri.  Fundi akainuka, akaanza kusogeza vitambaa vyake.

Ijumaa iliyofuata Sindano aliomba ruhusa kwa dobi. Asubuhi alipika wali kwa maji pungufu kidogo, uive lakini usilainike. Akautandaza kwenye masinia mawili juu ya meza ya kukatia, karibu na dirisha, akafunika na chandarua.

"Si dirisha hilo," fundi akamwambia. "Sogeza huku. Upepo unaingia huku."

Akachukua ramani ya mgongo wa koti, akaanza kupepea wali juu ya chandarua, kwa makini, kama mtu anayepepea mtoto aliyelala.

"Mama alikuwa anapepea hivi?" Sindano akauliza.

"Mimi ndiye niliyepepea, nikidhani nafukuza nzi. Yeye alikuwa anatoa amri."

Wali ulipopoa, Sindano aliosha mikono na kinu, akaingia jikoni. Aliponda vitunguu maji, kitunguu swaumu, uduvi wachache waliokaangwa, na pilipili moja tu, kwa kuhurumia tumbo la baba yake. Kwenye kisufuria alichemsha sosi ya soya na sukari mpaka ikawa nzito na kung'aa. Karai likapata moto sana, akatia mafuta, akatia vile alivyoponda. Harufu ikapanda. Akatia wali kidogo kidogo, akigeuza bila kukandamiza. Punje zikaruka, kila moja peke yake. Akamimina sosi, akageuza tena mpaka wali wote ukawa wa rangi ya kahawia na moto kabisa. Mwisho akakaanga mayai, moja juu ya kila sahani, na vipande vya tango pembeni.

Bibi Afya alikaribishwa. Aliukagua wali kwa macho kabla ya kuonja. "Leo siandiki kosa," akasema, akaanza kula.

Walikula kwenye meza ya kukatia. Fundi alikula kijiko cha kwanza, akafumba macho. Akala cha pili. Sindano hakuweza kula. Alikuwa anamwangalia.

"Mama yako," fundi akasema, "alikuwa anazidisha pilipili."

Tangu msiba hakuwa amemkosoa mama kwa lolote. Mpaka siku ile ya habari za masinia, alipomtaja mama, alimtaja kama mtu anavyotaja kitu kitakatifu, kisha akanyamaza.

"Hukumwambia, Baba?"

"Nilimwambia. Ijumaa iliyofuata akatia mbili zaidi."

Bibi Afya akapaliwa kwa kicheko. Fundi akaifuta sahani yake kwa kijiko, punje ya mwisho ikaenda. Kisha akaisogeza mbele ya binti yake.

"Niongezee, mama," akasema. "Na kama pilipili ipo, nipe na pilipili."