Fimbo ya Mti Uliobakizwa

Mzee Kivuti alikuwa jirani yetu pale Kanja, mtu wa maneno machache na kicheko cha karibu. Kisa hiki alikisimulia uzeeni, akiwa amebaki peke yake, na waliomsikia hawakumwomba arudie.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ili kuwapiga wapigania uhuru wa msituni. Kivuti alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa Meru, Bwana Hadson, aliyelijengea lori lake chumba cha mbao mgongoni: kitanda, jiko, beseni, hata pazia la maua. Watoto wa mtaa wa Majengo, mjini, waliliita nyumba inayotoroka. Wakati wenyeji hawaruhusiwi kuvuka mto bila pasi, yeye alizunguka nchi nzima na kitanda chake! Bwana huyo alipenda miti mikubwa kama wengine wanavyopenda ng'ombe, na siku hiyo alitaka kuiona ile mikubwa kuliko yote, ya msitu wa juu ya Kanja.

Kivuti alifurahi kwa sababu zake. Mkewe Muthoni, aliyekwisha kumwita Baba Njoki kwa jina la mtoto waliyemngoja, alikuwa na mimba kubwa, na bado serikali ilimtoa kila asubuhi pamoja na wanawake wenzake kuchimba handaki la kuuzunguka msitu, ili wapiganaji wasitoke. Kivuti alimbembeleza Bwana mpaka akamwandika Muthoni mpishi wa safari. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: mkewe atoke handakini, ajifungue salama. Basi walinunua nyama Majengo, wakashuka hadi Kanja, wakampakia Muthoni chumbani nyuma, akaketi akimenya viazi na kuimba wimbo wa kanisani.

Walipofika juu, Bwana alishuka akaguna. Msitu haukuwepo. Serikali ilikuwa imeamuru ukingo ufyekwe ili wapiganaji wasipate pa kujificha, na magogo yalilala kila upande. Mti mmoja tu ulisimama, mnene, wa kukumbatiwa na watu wa nyumba nzima. Shinani pake palikuwa na fimbo mpya, imeegemezwa.

Kivuti alijua. Wazee wa Embu wakifyeka msitu hubakiza mti mmoja, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Ukilazimishwa kuukata na huo, unauegemezea fimbo. Roho zinahamia kwenye fimbo. Halafu mzee anaibeba hadi kwenye mti mwingine ulio hai, anaiegemeza hapo, na kuondoka bila kugeuka. Fimbo hii ilikuwa ikimngoja mzee wake.

"Nzuri sana hii," alisema Bwana, akaiokota na kumpa Muthoni. "Weka ndani ya gari."

Ulimi wa Kivuti ulimwasha. Lakini siku zile, ukitaja roho na miti mbele ya mzungu, swali linalofuata ni nani aliyekulisha kiapo cha wapiganaji, na jibu lake unalitoa ndani ya seng'enge ya kambi ya wafungwa, wewe na mkeo. Akameza maneno. Aliogopa serikali kuliko mizimu, na hapo ndipo alipokosea.

Walianza kuteremka mchana huohuo. Ukungu ukashuka nao. Barabara ilikuwa ya mteremko, lakini injini ilikoroma kama inapanda mlima. Kivuti akatia gia ya kwanza. Springi zikalia.

"Kivuti, gari iko na nini?"

"Sijui, Bwana. Ni kama imebeba watu."

Nyuma yao, wimbo ulikuwa umekatika. Kupitia kidirisha, Kivuti akasikia mkewe akinong'ona.

"Songeni kidogo. Tafadhali. Niko na mtoto tumboni."

Kivuti alifunga breki. Akamwambia Bwana kwamba injini imechemka, akazunguka nyuma, akafungua mlango. Harufu ya mbao mbichi ilimpiga usoni. Kitanda kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa tupu. Muthoni alikuwa amejibana kwenye kona ya jiko, magoti yamekunjwa, jasho linamtoka. Fimbo ilikuwa imeegemea tumbo lake.

"Nimeiweka chini," alinong'ona. "Nikaiweka tena. Inarudi."

"Ni wangapi?"

"Usiniulize hayo, Baba Njoki."

Kivuti aliivuta. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, na Muthoni akalia kwa uchungu. Hapo akaelewa: aliyeegemewa ndiye anayepaswa kuipeleka. Kando ya barabara, ndani ya ukungu, ulisimama mti mkubwa wa muringa.

"Uiegemeze pale, uiache, urudi," alimwambia. "Usigeuke."

"Na wewe usiniangalie."

Kivuti aligeuza uso kwenye ubao wa lori. Alizisikia nyayo za mkewe kwenye tope, nzito, polepole. Kisha lori likainuka kidogo. Likainuka tena. Springi ziliachia moja baada ya nyingine, kama abiria wanavyoshuka.

"Muthoni?"

Akaita tena, taratibu.

Mkono ukamgusa begani. Ulikuwa umelowa na baridi.

"Twende nyumbani, Baba Njoki."

Kivuti alilia kwa furaha, mwanamume mzima. Lori liliteremka hadi Kanja jepesi kama debe tupu. Bwana alipolala kambini kwa chifu, wao wawili walilala nyumbani kwao.

Kesho yake Bwana aliikosa fimbo yake, akatukana, akamwamuru Kivuti akaitafute. Kivuti alipanda kwa miguu, alasiri ya jua kali. Fimbo ilikuwa palepale, imeegemea muringa. Hakuigusa.

Tope lilikuwa limekauka. Alama za viatu vyake zilionekana vizuri, pale aliposimama kungoja. Kutoka hapo, nyayo ndogo za Muthoni, za miguu mitupu, zilikwenda hadi shinani.

Hakukuwa na zilizorudi.

Aliuzunguka mti. Akauzunguka tena. Akaweka kiganja kwenye gome, nalo lilikuwa na joto. Akaita jina la mkewe mpaka sauti ikakauka. Angekesha pale akichimba kwa kucha, lakini jua lilikuwa likizama, na baada ya kafyu, saa ya kutotoka nje, homgadi wa serikali hawakuuliza jina la mtu kabla ya kufyatua risasi.

Alikimbia. Alipofika kwake, moshi ulikuwa ukitoka paani. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo lake kubwa, akitabasamu.

"Umechelewa, Baba Njoki. Ingia, chakula kinapoa."

Filimbi ya kafyu ikalia. Kivuti akaingia, akafunga mlango.