Sema Kikaoni, Si Koridoni

Kila asubuhi, mashuka ya hospitali nzima hufika kwa Mama Pacha. Alianza kama msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia. Kazi hiyo anaijua nje ndani. Akipita tu, anasikia mashine ipi inaumwa.

Lakini zamani, kikaoni, Mama Pacha alikuwa hasemi. Wakuu wa idara waliongea, yeye akaitikia kwa kichwa. Kikao kikiisha, ndipo alipomfuata mtu koridoni na kumnong'oneza. Aliona hiyo ndiyo adabu. Ya nini kumwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake?

Ndivyo alivyofanya mashine ya kunyooshea mashuka ilipolegea kinga. Kinga hiyo huzuia mikono isiguse chuma cha moto.

"Fundi, naomba uitazame ile kinga," alimwambia fundi mkuu koridoni.

"Usijali, mama. Nitapita."

Fundi alisahau. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mambo mengi. Wiki hiyo hiyo mashine ilimuunguza mkono Chekacheka, binti mkunja mashuka. Zamu nzima ilimpenda kwa vicheko vyake. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Jioni Mama Pacha alilia mbele ya jirani yake. Jirani huyo alikuwa mkuu wa wauguzi kabla ya kustaafu. Sasa huwafundisha wanawake uongozi kila Jumamosi.

"Nilisema, dada! Haki ya Mungu nilisema."

"Ulisema wapi?"

"Koridoni."

"Na nani aliandika? Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Jambo la hatari hutajwa kikaoni. Sema tatizo ni nini, nani alishughulikie, na liishe lini. Katibu ataandika. Hapo hata msahaulifu atakumbushwa."

"Wataniita mjuaji."

"Waache wakuite. Adabu yako imemsaidia nini yule binti?"

Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha, maana yalikuwa ya kweli.

"Nasikia nafasi ya meneja wa kufulia iko wazi," jirani akaongeza. "Njoo ujifunze, kisha uiombe."

Mume wa Mama Pacha alikuwa akisikiliza. "Jumamosi zote? Na chakula je?"

"Shemeji, kwani sufuria inauma?"

Mume alitabasamu kidogo. Kisha akamtazama mkewe, macho yamevimba kwa kulia. "Nenda, mama," akasema. "Mimi na watoto tutapika."

Katika mafunzo, walijifunza kupanga bajeti na kugawa kazi. Walifanya pia vikao vya mazoezi. Mmoja alisema, wengine wakamkatiza makusudi.

"Usiombe radhi kabla ya kusema," jirani aliwafundisha. "Ukikatizwa, sema: naomba nimalizie. Kisha malizia kweli."

Mara ya kwanza sauti ya Mama Pacha ilitetemeka. Akarudia, akarudia tena.

Kikao cha kazini kilipofika, alinyoosha mkono.

"Mashine ya pili nayo imelegea kinga. Naomba..."

"Hayo tutaongea baadaye, mama," mkurugenzi alisema.

Akajipiga moyo konde.

"Naomba nimalizie, mkurugenzi. Mtu mmoja ameshaungua. Mashine izimwe leo. Fundi mkuu aitengeneze kabla ya Ijumaa. Naomba iandikwe."

Fundi mkuu aliinamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Ile ya kwanza aliniambia, nikasahau."

Mashine ilizimwa siku ile ile, na katibu akaandika.

Mama Pacha aliomba nafasi ya meneja. Alihojiwa pamoja na wengine, akajibu kwa sauti inayosikika. Akaipata. Sasa mashine zote hukaguliwa kila wiki, na hakuna aliyeungua tena.

Siku moja Chekacheka aligonga mlango wa ofisi yake. Mkono ulikuwa umepona, lakini kovu lilibaki. Mama Pacha alipoliona, machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu, nisamehe. Nilipaswa kusema mapema, mbele ya watu."

"Sikuja kwa hilo, mama," binti akajibu. "Nimekuja kuuliza. Mafunzo ya Jumamosi yanaanza lini tena?"