Ukuta Hauna Kope

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nje kuingiza kibao cha duka. Ni kibao kidogo cha mbao, nimekiandika kwa mkono wangu: TUNATENGENEZA KAMERA ZA MKANDA. Kila jioni nakitia kwapani, naingia nacho, nafunga. Jioni ile nilipoinama kukichukua, barabara ilikuwa tupu. Nilipoinuka, mtu alikuwa amesimama mbele yangu.

"Bado hujafunga, fundi?"

Sikusikia hatua zake. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu husema hata kivuli changu ningekidai kitambulisho. Lakini hebu niambie wewe: mtu anapitaje juu ya kokoto, na kokoto zisilie?

Alivaa koti refu, na joto lote lile. Uso wake... sijui niseme nini. Nilikuwa namtazama, na papo hapo namsahau. Nikitazama pua, mdomo umenitoka. Moyoni nikambatiza Bwana Koti, maana koti ndilo pekee lililokubali kukaa kichwani mwangu.

Tuliingia. Duka letu ni chumba kimoja. Dirishani pana cherehani ya mke wangu, ukutani pana meza yangu na bisibisi zangu. Bwana Koti akafungua kitambaa na kuweka kamera mezani. Ya zamani, nzito, ngozi yake imebanduka pembeni.

"Pazia la ndani limekwama, halifunguki picha ikipigwa," akasema. "Lisafishe. Halafu uipime kama unavyopima siku zote."

Akageuza shingo kumtazama mke wangu, aliyekuwa anakata uzi kwa meno.

"Huyu ndiye unayemtumia kupimia?"



Sisi mafundi wa kamera tuna desturi yetu. Kamera ikishatengenezwa, lazima uhakikishe lenzi inaona sawasawa. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema ukuta hudanganya. Utadhani uko sawa kumbe uko kando. Kope za mtu ndizo zisemazo kweli. Ukiziona moja moja, kamera imepona. Kwa hiyo kila kamera inayotoka dukani kwangu, jambo la mwisho inalolifanya ni kutazama kope za mke wangu. Tena ndivyo tulivyooana. Alileta kamera ya baba yake, nikampima kope kwa muda mrefu mno, akaniuliza kama nimepoteza sindano humo. Nampenda tangu siku ile.

Sasa hayo yote, Bwana Koti aliyajuaje?

Nilipofumbua mdomo kumuuliza, alikuwa ameshatoka. Kokoto hazikulia.

"Umeona uso wake?" nikamuuliza mke wangu.

"Uso wa nani?"

"Wa mteja."

Akawaza kidogo. "Alikuwa na koti," akasema.

Kesho yake nikaifungua. Haikuwa na mkanda. Nilizungusha kishikio cha kurudishia mkanda, kikazunguka bure. Nikatoa skrubu, nikainua kifuniko cha juu. Nilitegemea harufu ya mafuta yaliyoganda na sponji iliyooza, harufu ninayoijua kuliko ya chakula. Ikanijia nyingine. Moshi wa utambi. Ule moshi wa mshumaa uliopulizwa sasa hivi.

Nikatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mshumaa.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na alama. Fundi akimaliza kamera hukwaruza alama yake humo kwa sindano, mahali ambapo hataiona mtu ila fundi mwenzake. Alama zilikuwa nyingi, nyingine zimefifia kwa ukongwe. Ya juu kabisa niliitambua. Jicho dogo lenye kope.

Ya mjomba.

Mjomba alikuwa ameshafariki, na alikuwa ameacha kazi miaka mingi kabla ya kufa. Aliacha ghafla, vifaa vyote akanipa mimi. Hakuna aliyejua sababu. Nikaanza kukumbuka nyumbani kwake nilipokuwa najifunza: benchi la nje, chai ya saa kumi, mkaza mjomba akituletea vikombe kwenye sinia. Alikuwa na alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono. Mkono naukumbuka vizuri. Uso...

Nikampigia simu mama. Mjomba alikuwa kaka yake wa kuzaliwa.

"Mama, mke wa mjomba alikuwa na sura gani?"

"Mjomba wako hakuoa, mwanangu."

"Nani alikuwa anatuletea chai?"



"Sijui," akasema kwa sauti ya chini. "Ila hata siku anakufa alikuwa ameandaa vikombe viwili. Nilimuuliza cha pili cha nani. Akalia. Akasema hajui."

Nilikata simu nikamweleza mke wangu kila kitu. Nilimwambia ninavyodhani: aliyepimwa kwa kamera hii hafi. Husahaulika. Watu humsahau kidogo kidogo mpaka mume wake naye amsahau.

Alicheka. "Umeanza tena! Juzi ulimshuku muuza maziwa."

"Muuza maziwa alikuwa anatia maji!"

"Sasa na huyu anatia nini?"

Lakini nilipomtajia vikombe viwili, kicheko kikakoma. Nikamwapisha asikae mbele ya lenzi ile, hata kwa bahati mbaya. Akaapa. Mimi mwenyewe nilisafisha pazia huku kamera imeelekea sakafuni, nikaipima kwenye ukuta, nikaifunga kitambaani. Sikukwaruza alama yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Bwana Koti akarudi jioni, saa ile ile ya kuingiza kibao.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Kwa nani?"

"Kwa ukuta."

Akatikisa kichwa polepole. "Ukuta hauna kope, fundi."

"Chukua kamera yako uende," nikasema.

"Sichukui kazi ambayo haijapimwa."

Akakaa kwenye benchi. Hakupandisha sauti, hakutukana. Alikaa tu, mikono magotini. Nikawasha taa. Nikafunga madirisha. Nikafagia sakafu nikampitishia ufagio miguuni, lakini ufagio haukugusa kitu. Nikamfungulia mlango, akautazama mlango. Harufu ya utambi ikaanza kupanda, taratibu...

Nilisimama kati yake na mke wangu muda wote. Asimwone, wala mke wangu asimwone yeye.

Mke wangu ndiye aliyechoka. Alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda nyumbani, na hana subira na watu wakaidi.

"Jamani, tutalala hapa?" akasema. Akachukua kamera mezani, akaifungua kitambaa. "Haina hata mkanda, itachukua nini? Nimeapa sitakaa mbele yake. Sawa. Nitakaa nyuma yake."

"Weka chini!"

"Fundi wangu," akasema kwa ile sauti ya mzaha niipendayo, jicho lake tayari kwenye kidirisha cha kamera, anazungusha lenzi kama nilivyomfundisha. "Hebu niangalie. Ninazitafuta kope zako."

Nilikuwa nimemkinga dhidi ya Bwana Koti. Mimi mwenyewe nani alinikinga? Mtego wa panya huingia aliyekuwemo na asiyekuwemo. Nikageuka kumnyang'anya.

Klak.

Kisha...

Klak.

Pazia lenye afya hulia mara moja. Nilisikia milio miwili, na katikati yake nafasi ya mtu kuvuta pumzi.

Bwana Koti akasimama. Akaipokea kamera mkononi mwa mke wangu kwa adabu. "Asante, mama," akasema. "Imepona."

Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa na kidoti juu ya mdomo. Nyusi moja ilikuwa na kovu. Kope zake zilikuwa ndefu, nyeusi. Uso wote niliukariri kwa mtazamo mmoja, na mpaka leo ninaweza kukuchorea. Akanisogelea sikioni, nikahisi pumzi yake ina joto.

"Nisamehe, fundi," akanong'ona. "Mimi nami nilikuwa na mke."

Alipotoka, kokoto zililia chini ya viatu vyake. Jirani wa ng'ambo akampungia mkono na kumsalimu kwa furaha kama mtu aliyempotea siku nyingi.

"Mbona ni mtu mzuri tu," mke wangu akasema. "Ana sura usiyoweza kuisahau."

Nilikuwa namtazama jirani, aliyepitisha macho yake pale mlangoni niliposimama bila kunisalimu mimi.

Muuza nyama ndiye aliyeanza kunisahau. Nilisimama mbele yake, akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Nikasema labda ana haraka. Kinyozi akazima taa nami nimekaa kwenye kiti. Mama alipokea simu akaniuliza, "Nani mwenzangu?" Nikamwambia ni mimi mwanao. Akasema kwa upole kwamba pengine nimekosea namba.

Nyumbani nilikuwa nahesabu mambo madogo kwa hofu. Mke wangu bado alikuwa ananitengea chai. Bado alikuwa anaona nikikosea vifungo vya shati. Kisha asubuhi moja akaleta vikombe viwili, akakitazama cha pili kwa muda, akakirudisha kabatini. Nilijimiminia mwenyewe. Nililia humo ndani ya kikombe, na hakuuliza nani analia.

Kazi ameirithi. Anaijua; alinitazama nikiifanya miaka yote hiyo. Amehamia meza yangu, amevaa miwani yangu ya kazi, na kamera zake anazipima kwenye ukuta. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia hajui, anaogopa tu.

Nimezunguka mji mzima nikimtafuta mtu mwenye kidoti juu ya mdomo. Watu wanamjua, wanamsifu. Kamera hana tena. Wanasema aliiuza.

Jana jua lilikuwa linazama. Kibao kilikuwa bado nje, mke wangu amekisahau. Nikakichukua kwapani, nikapita kwenye kokoto. Sikusikia kitu. Nikasimama mlangoni, nikamtazama mke wangu chini ya taa, kope zake moja moja, kama siku ile ya kwanza. Nikamwita kwa jina ambalo mimi pekee humwita.

Akainua kichwa. Akatabasamu kwa adabu, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Karibu, baba," akasema. "Umeleta kamera gani?"