Ngozi ya Ebla

Jioni ile nilitumwa kubandua rangi kwenye gari. Kazi ndogo tu. Nilijifunga leso ya kazi, nikachukua kisu butu na chupa ya tapentaini, nikatoka nyumbani mtaa wa Wabera kwa miguu jua likielekea kuzama. Nilijua nitarudi kabla chakula hakijapoa.

Mume wangu, Kinuthia, alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Mbali na rangi za kawaida, alikuwa na pipa moja la rangi ya mpira alilolipata kwenye mnada Nanyuki. Ndani ya pipa ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ukiipuliza kwenye bati inakauka, inakuwa nyororo, inang'aa, na rangi ya gari unaiona vizuri chini yake. Mawe na miiba ya barabara ya Garbatulla yanakwaruza ule mpira tu. Ukichoka nao unatafuta ukingo, unavuta taratibu, unatoka mzima.

Sisi tuliuita ngozi.

Kupuliza ilikuwa kazi ya Kinuthia. Kubandua ilikuwa yangu, kwa sababu kunataka subira na kucha.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo jeupe la Shuriye, msafirishaji wa mifugo, mtu wa mtaa wa Kiwanjani. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, na yeye mwenyewe alitembea kama askari. Alikuwa na wivu ambao mji mzima uliujua. Mtu akiegemea gari lake sokoni, Shuriye alitoa kitambaa mfukoni na kupangusa pale pale, mtu yule akiwa anaangalia. Alipooa Ebla, msichana wa Garbatulla mwenye sura ya kusimamisha watu njiani, wivu ule ukapata nyumba. Ebla hakwenda sokoni. Hakwenda kisimani. Akipanda gari, vioo vilipandishwa mpaka juu, hata joto likiwa la kuua.

Siku tuliyopuliza gari lake, Ebla alikuwa amekaa kwenye kiti chetu nje ya karakana. Alimwona Kinuthia akipuliza rimu, akacheka.

"Baba, ukinipuliza mimi nitazeeka kweli?"

Kinuthia naye akacheka. "Wewe utabaki hivyo hivyo, binti yangu."

Shuriye hakucheka. Alimwangalia mke wake, akamwangalia mume wangu, akaangalia lile pipa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Imebaki kiasi gani?"

Akaondoka na iliyobaki yote kwenye debe, akatuachia pipa tupu.

Tangu siku hiyo Ebla hakuonekana tena. Sasa msimu mzima ulikuwa umepita, na Shuriye alikuwa ameleta habari: ngozi ya gari ibanduliwe. Aje mke. Mume asije.

Nilipobisha geti alifungua mwenyewe.

"Karibu, Mama Wamucii."

"Asante, mzee. Habari ya jioni? Ebla hajambo?"

"Yuko salama," alisema. "Hakuna mtu anaweza kumgusa."

Adhana ya magharibi ikaanza. Shuriye akachukua kofia yake, akatoka. Nikasikia mnyororo ukizungushwa kwenye geti. Kufuli ikalia... ka.

Alikuwa amenifungia ndani.

Nilijiambia ni wivu wake tu. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, nikatafuta ukingo kwa kucha, nikavuta.

Shrrr.

Mpira ukatoka kwenye rimu kama ganda la kitunguu. Nikahamia kwenye madigadi, juu ya gurudumu. Nikavuta tena, kidogo kidogo. Shrrr... shrrr... Giza lilikuwa linaingia uani. Nikasimama kunyoosha mgongo, mikono yangu ikiwa imepumzika.

Shrrr.

Sauti iliendelea.

Haikutoka kwenye gari. Ilitoka ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lenye vyuma. Ilikuwa kama mtu anakwaruza kitu kinachoteleza. Anakwaruza, anashindwa. Anakwaruza, anashindwa.

"Nani huko?"

Ukaja mnong'ono, karibu sana na wavu wa dirisha.

"Mama... uko na kucha?"

Nikasogea dirishani. "Ebla?"

"Zangu amezikata. Amezikata mpaka ndani. Siwezi kushika mwanzo wake."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa komeo. Nikaliondoa. Harufu ikanipiga usoni: ubani, na chini ya ubani, ile harufu ya pipa letu.

Ebla alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, taa ya chemni miguuni pake. Alikuwa mzuri kuliko nilivyomkumbuka. Chumba kilikuwa cha moto kama tanuri, mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na yeye hakuwa na tone. Uso wake uling'aa. Aliponiona alitaka kutabasamu, mashavu yakakataa.

Nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi. Kidole changu kikateleza juu yake, kama kinavyoteleza kwenye boneti.

"Mungu wangu. Alikufanya nini?"

Midomo yake ilifunguka kidogo tu. Ilibidi niiname kusikia.

"Alileta mzee mmoja. Simjui. Hakunitazama hata mara moja. Alisoma maneno juu ya lile debe la rangi, akatia kitu... sijui kitu gani. Shuriye akasema ni dawa ya kupata mtoto, nilale, wanipake. Nikalala." Akavuta pumzi kwa shida. "Nilipoamka akaniambia, sasa hata macho ya watu hayatakufikia. Mama, siwezi kulia. Machozi yananirudia ndani."

Ningeweza kukimbia. Nilifikiria kuruka ukuta, niseme sikuona kitu. Lakini msichana yule alikuwa wa umri wa binti yangu, na kazi aliyoniomba nilikuwa naijua.

Nikasogeza taa. Nikapitisha kucha pembeni ya uso wake, chini ya kidevu, kwenye mstari wa nywele. Hakuna. Ilikuwa imeshika kila mahali. Nikainua nywele zake, nikapapasa nyuma ya sikio.

Pale.

Ukingo mwembamba kama uzi.

"Itauma," nikasema.

"Vuta."

Nikavuta. Si kwa juu, kwa juu inakatika. Unairudisha nyuma juu yake yenyewe, polepole. Ebla aliuma kona ya mto. Nilisikia shrrr, na chini yake nikaona ngozi nyekundu, imelowa, hai. Shavu likatoka. Pua ikatoka. Kope zikatoka kwenye zile nyingine kama kidole kinavyotoka kwenye glavu. Nikashuka shingoni, mabegani, mikononi. Alikuwa analia sasa. Machozi ya msimu mzima yalimwagika mpaka kifuani, naye akayalamba na kucheka na kulia tena.

Nilipomaliza miguu nikaitandaza ile ngozi kitandani, nzima, bila tundu. Nikamgeukia Ebla kumfunga shuka.

Nyuma yangu, kitanda kililia.

Sikutaka kuangalia. Ebla ndiye aliyeangalia, na nikaona macho yake yanavyopanuka. Nikageuka.

Ngozi haikuwa imelala tena kama nguo. Ilikuwa imejaa. Mabega yalikuwa na umbo, shingo ilikuwa imenyooka, na uso, uso ule mzuri usio na jasho, ulikuwa umeelekea dari. Kifua kikapanda. Kikashuka.

Ilikuwa inapumua.

Mnyororo ukalia getini.

Hatukuwa na pa kwenda. Tulisimama nyuma ya mlango, nimemshika Ebla mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto, umelowa, unateleza kwa jasho. Shuriye akaingia. Alituona. Naapa alituona, taa ilikuwa inatumulika sote wawili. Macho yake yalipita juu ya mke wake, juu ya uso wake uliovimba kwa kulia na ngozi yake nyekundu, kama yanavyopita juu ya mgeni asiyemhusu.

Akaenda moja kwa moja kitandani. Akapiga magoti.

"Umeamka?" akauliza, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao.

Na kile kitu kikajibu, kwa sauti ya Ebla.

"Nimeamka."

Tulikimbia. Geti lilikuwa wazi.

Kinuthia hakuniuliza mengi. Alimwona Ebla, akafunga mlango, akasukuma meza juu yake. Tulikesha watatu tukiwa tumekaa. Asubuhi tulimpandisha Ebla kwenye lori la mbuzi linalorudi Garbatulla, kwa mama yake. Pipa tulilitoboa, tukalizika.

Mjini hakuna aliyejua. Pijo la Shuriye liliendelea kupita barabarani, vioo juu, na mwanamke mzuri ameketi kando yake. Watu walisema mke wa Shuriye hazeeki. Miaka ikapita, bado walisema. Shuriye mwenyewe alikonda, akapata mvi kabla ya wakati. Mimi nikiliona gari lile nilikuwa naingia ndani.

Kisha alasiri moja likasimama mbele ya karakana yetu. Shuriye akashuka, akafunga mlango nyuma yake kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mama Wamucii." Sauti ilikuwa imemkauka. "Amekuwa na wivu."

Nikarudi hatua moja nyuma.

"Hali. Halali. Anauliza yule mwingine yuko wapi."

Nikaangalia gari. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi kwa ndani, na jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanuka. Katikati ya ukungu, kidole kilikuwa kimefuta mahali padogo pa kuchungulia.

"Alikwenda Mombasa," nikasema.

Shuriye akanitazama kwa huruma. "Usiongee kwa nguvu. Anasikia."

Akarudi ndani. Gari likakaa pale kwa muda, injini ikinguruma. Halafu likageuka, na halikurudi Kiwanjani. Liliishika barabara ya Garbatulla.

Kinuthia aliazima pikapu, tukapita njia ya ng'ombe usiku kucha tukiomba Mungu. Tulimkuta Ebla yuko nje ya boma, anakama mbuzi, mvi mbili tatu zikichungulia chini ya shungi, mzima kabisa. Hakuna mtu aliyefika. Tulimchukua na mama yake siku ile ile, tukawapeleka mahali ambapo sitapataja hapa.

Pijo lilipatikana baadaye, limesimama kando ya barabara karibu na Garbatulla. Shuriye alikuwa kwenye usukani, mzima, mikono magotini. Mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi. Mchanga chini yake ulikuwa laini, haukuwa na alama ya mguu hata mmoja.

Walimrudisha kwa ndugu zake. Hakuongea tena na mtu. Ila ukimuuliza mke wake yuko wapi, alikuwa anainua kichwa, anaangalia barabarani, na kujibu neno moja.

"Ametangulia."