Soda za Mwalimu Gaspari

Ndugu zangu, Jumapili mchana hapa Murusagamba ni wakati mtamu. Ibada imekwisha, ndizi zinachemka jikoni, watu wanapiga soga uani. Miaka ile, ukisikia pikipiki inapanda kilima, ulijua ni Mwalimu Gaspari, katekista wetu, anazungukia wagonjwa na wajane. Hanywi pombe, hata ile ya ndizi. Kwa hiyo kila nyumba aliyoingia alifunguliwa soda. Nyumba tano, soda tano. Mimi mwenyewe nilimfungulia nyingi, na siku nyingine nikamwongezea ya pili, nikijiona mkarimu kweli.

Tumbo likakua, nasi tukalisifu. "Mwalimu amenona! Generoza anamtunza!" Lakini mwaka jana uchovu ukamwandama, na chini ya mbavu za kulia akahisi uzito. Mkewe Generoza akampeleka hospitali. Daktari akampima, akasema ini limejaa mafuta na sukari kwenye damu imeanza kupanda.

"Likiachwa hivi litaingia makovu, na hapo kulirudisha ni kazi ngumu," daktari alisema. "Sasa bado linaweza kupona. Punguza uzito, tembea, soda na vitu vya sukari uache."

Unajua Mwalimu alisikia nini? Neno moja tu: mafuta. Akarudi nyumbani akapiga marufuku mafuta ya kupikia. Miezi mitatu familia nzima ikala maharage yasiyo na hata tone, naye akaendelea na soda zake. "Soda ina mafuta gani?" aliuliza. Alipopimwa tena, uzito ulikuwa umeongezeka na sukari imepanda zaidi.

"Daktari alisema soda," Generoza alimwambia. "Nilikuwepo."

"Nitamkatalia vipi mama Kaneza? Mjane yule anajinyima ili aninunulie. Nikikataa nimemdharau."

"Basi utakufa kwa adabu, uniache nami niwe mjane wa kutembelewa."

Maneno hayo yalimchoma. Jumapili iliyofuata aliacha pikipiki, akaenda kwa Kaneza kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Pikipiki imeharibika?" Soda ilikuwa tayari mezani.

"Mama, usiifungue. Ini langu linaumwa, na soda zinalimaliza." Alisema akiangalia sakafu. Mtu aliyezoea kuwafariji wagonjwa, leo anajitaja mgonjwa!

Kaneza alishika mdomo. "Mana yanje, Mungu wangu! Na mimi ndiye nilikuwa nakupa?" Akaiondoa soda mezani, akamletea maji katika glasi ileile ya wageni. "Zamani mgeni nilimsindikiza mpaka njia panda. Wewe ukiwasha pikipiki, mimi nabaki mlangoni na vumbi. Nikaona heshima iliyobaki ni soda."

Akachukua fimbo yake, wakatembea pamoja hadi njia panda, bibi akizungumza njia nzima. Habari ikaenea. Siku hizi kila nyumba inampa maji, kisha inamsindikiza mpaka nyumba inayofuata. Jumapili nyingine tunakuwa msafara, na Generoza yuko mbele anacheka.

Baada ya miezi minane Mwalimu amepungua kilo tisa. Daktari amesema mafuta kwenye ini yamepungua sana, na sukari imeshuka. Nyumbani, mafuta kidogo yamerudi kwenye maharage. Mimi nawavulia kofia: mke aliyesema ukweli, mume aliyemeza aibu yake, na mjane ambaye hakununa.

FUNZO

Ini hujaa mafuta hata kwa mtu asiyeonja pombe. Soda, sukari nyingi, kula kupita kiasi na kukaa bila kutembea vinatosha. Tatizo likigunduliwa mapema, kutembea kila siku na kupunguza uzito polepole huweza kuliponya. Msikilize daktari mpaka amalize, usiondoke na neno moja. Nasi wenyeji, mgeni akisema kitu kinamdhuru, tusimlazimishe kwa jina la heshima. Mpe maji, kisha inuka umsindikize.