Ukurasa wa Mpangaji

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia, Fundi alining'iniza futi yake ya kupimia shingoni. Bila futi alijiona kama hajavaa nguo. Alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo, akiwa na furaha.

Sebuleni mwake mlikuwa na cherehani mbili. Moja ya umeme, nyingine ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na mama yake. Kwenye rafu palikuwa na daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Ukurasa mmoja haukuwa wa mteja. Juu yake paliandikwa: MPANGAJI. Chini yake: sentimita tatu.

Mpangaji alikuwa uvimbe ndani ya ubongo wake. Miaka minne kabla ya kisa hiki Fundi alianguka sokoni, akakakamaa, akatetemeka. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari alimweleza kwamba uvimbe ule unakua polepole, tena umekaa mahali pabaya, hauwezi kukatwa wote. Atakunywa dawa ya kuzuia kifafa, na kila miezi sita atapigwa picha.

Fundi aliuliza jambo moja tu. "Una sentimita ngapi?"

Alipofika nyumbani aliandika. "Amehamia kichwani kwangu bila hodi," alisema. "Basi angalau nijue kipimo chake."

Mwanamke mbishi huyo! Lakini ubishi nao una siku unakosea njia.

Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alimletea jora zima la kitambaa. Alitaka sare thelathini. Dawa zilikuwa zinamletea Fundi usingizi, kichwa kinamwangukia kwenye kitambaa. Akaamua mwenyewe kunywa kidonge kimoja badala ya viwili. Hakumwambia mtu.

Siku ya nne alikuwa anapiga pasi. Akaanguka. Pasi ikamuunguza mkono. Mumewe alikuja mbio, akamkandamiza kwa nguvu, akamtia kijiko mdomoni. Fundi alipozinduka, mkono ulikuwa unamuuma na jino moja limevunjika.

Kesho yake mumewe alifungia cherehani zote mbili stoo, ufunguo akautia mfukoni. Majirani wakaja, wakaongea kwa sauti za chini. "Maskini, alikuwa fundi hodari," walisema. Alikuwa! Na mwenyewe amekaa hapo hapo anawasikia.

Mwalimu Mkuu naye alikuja. "Pumzika, mwenzangu. Afya kwanza."

"Mimi sijafa, Mwalimu."

"Jamani, nani kasema umekufa?" Lakini jora lilikuwa tayari kwapani mwake.

Hapo Fundi alilia. Mkono ulioungua haukumliza. Jora lile lilimliza. Alilia mpaka akachoka, akajifuta, akamwita binti yake. "Kaniitie Nesi."

Nesi alikaa nyumba ya tatu, na alifanya kazi zahanati. Hakuongea kwa sauti ya chini hata kidogo.

"Huyu mume wangu ananizika mzima mzima," Fundi alimshtakia.

"Ulitaka nifanyeje?" mumewe alisema. "Nilidhani ndiyo basi tena. Niliogopa, mke wangu."

"Ngojeni kwanza," Nesi alisema. "Dawa ulikuwa unakunywa?"

Fundi alichezea futi yake. "Nusu."

"Nusu! Sasa unabishana na nani, jirani yangu? Dawa iko upande wako! Ubishi wako wote mpelekee Mpangaji."

"Zinanilaza."

"Mwambie daktari. Anaweza kubadilisha kiasi, au saa za kunywa, au dawa yenyewe. Ukizipunguza mwenyewe, unakiita kifafa kije."

Kisha alimgeukia mume. "Na wewe shemeji, lala hapo kwenye mkeka."

"Mimi?"

"Wewe. Leo wewe ndiye umeanguka."

Mume akalala, miguu ikapita mkeka. Nesi akamwelekeza binti. "Ondoa kila kitu cha kumuumiza. Weka nguo laini chini ya kichwa. Mgeuze alale ubavu. Usimkandamize, na usimtie kitu chochote mdomoni. Angalia saa. Zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali."

"Baba mzito!" binti alilalamika. Wote wakacheka, hata mgonjwa wa mkekani.

"Na cherehani zangu?" Fundi aliuliza.

Fundi hakungoja jibu. "Ya umeme iuzwe. Mguu ukikakamaa kwenye swichi yake, ile inaendelea kukimbia. Ya kukanyaga nikisimama inasimama. Nitashona kukiwa na mtu nyumbani. Moto na pasi sigusi."

"Pasi nitapiga mimi," mumewe alisema.

"Wewe? Shati lako tu linakushinda!"

"Nitajifunza." Akatoa ufunguo mfukoni.

Daktari alibadilisha dawa, usingizi ukapungua. Picha mpya ikasema tatu. Wiki tatu baadaye, mkono umepona, Fundi aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, futi shingoni, mumewe nyuma yake.

"Nimefuata jora langu."

"Lakini Fundi, huo ugonjwa..."

"Ninao. Mwakani nitakuwa nao, na mwaka utakaofuata pia. Watoto wako watakaa bila sare mpaka nipone?"

Mwalimu Mkuu aliinuka. Akaenda kulitoa jora kabatini.

Sare thelathini zilitoka, zimenyooshwa na mume, mikunjo miwili mitatu ikiwemo. Tangu hapo Fundi ameanguka mara moja tu. Cherehani ilisimama, binti akamgeuza ubavu, akahesabu dakika mbili. Fundi alizinduka na meno yake yote yaliyobaki. Walimpeleka akaonane na daktari, na keshokutwa yake alirudi kazini.

Imepita miaka mitano. Ukurasa wa Mpangaji sasa una mistari mingi: tatu, tatu, tatu. Juzi Fundi na mumewe walikwenda hospitali kupiga picha nyingine, kisha wakarudi. Nyumbani wateja walikuwa wanasubiri, Mwalimu Mkuu akiwa mbele ya foleni. Fundi alifungua daftari, akaandika: tatu na nusu.

"Amenenepa," mumewe alisema kwa shida.

"Amenenepa kidogo. Daktari ameshapanga atakavyomshughulikia, na mimi nitakuwepo." Akafunua ukurasa mpya, akavuta futi shingoni. "Haya, nani anafuata?"

Mwalimu Mkuu alisogea, akanyanyua mikono.

"Pumua, Mwalimu. Usibane tumbo. Futi hii haidanganyiki."