Sauti ya Mirye Imeiva

"Nimetema damu!"

Mirye alitoka chooni mbio, ameinua kitambaa juu kama mtu aliyeokota dhahabu. Mzee Pyo, aliyempigia ngoma miaka kumi na miwili, akaweka fimbo chini. Akaitazama ile damu, machozi yakamlengalenga.

"Hongera, binti yangu! Waimbaji wa pansori niliowapigia ngoma ni wengi, lakini waliofika hapo hawazidi watatu. Sauti imeiva!"

Usicheke. Watu wa pansori, uimbaji wa jadi wa Korea, ndivyo walivyo. Mwimbaji hupanda mlimani siku mia moja, anapaza sauti mbele ya maporomoko ya maji mpaka koo lichubuke. Akitema damu hapelekwi hospitali, anapikiwa supu ya kuku. Mirye alikuwa ameshuka mlimani mwezi wa nne na sauti inayokwaruza mpaka ukumbi mzima unasisimka.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Taegon, mchumba wake, alikuwa kifua wazi katikati ya jukwaa, anafuta jasho. Huyu ndiye aliyeuchukua uimbaji huu wa mabibi zao na kuuunganisha na dansi yake ya kisasa. Mirye akiimba, yeye anacheza peku. Pale sauti inapochanika, yeye anaanguka sakafuni. Onyesho lilikuwa Jumamosi, hapo hapo mjini Gwangju, na harusi yao ilipangwa baada ya hapo.

"Oppa, mpenzi, mbona umenuna? Hufurahi?"

"Nafurahi. Ila pumzika kidogo."

"Nipumzike leo Jumanne? Si ulisema mwenyewe bila mkwaruzo huu huna dansi?"

"Nilisema," Taegon akajibu, akageuka kutafuta maji.

Mchana walikuwa wanakula chumba cha kuvalia, wote watatu, simu ya Mirye ikaita.

"Ni Bong Mirye? Nakupigia kutoka hospitali. Tumekusubiri mpaka tumechoka, dada. Mbona hukurudi?"

"Kurudi kufanya nini? Si mngepiga kama kuna tatizo?"

"Koo lako! Vipimo vya mwezi wa tatu vilionyesha uvimbe. Ulishuka siku moja kupimwa, ukarudi mlimani bila simu, ukaacha namba ya mchumba wako. Tulimpigia, tukamwandikia."

"Alijibu?"

"Alijibu. Ngoja nikusomee: 'Nimeshamwambia. Atakuja baada ya onyesho.' Leo ndiyo nimeipata namba yako. Dada, bado upo?"

Mirye alikuwepo, ila vijiti vya kulia vilikuwa vimemtoka mkononi. Akaikata simu na kumtazama Taegon.

"Uliniambia lini?"

"Mirye, nisikilize..."

"Nakuuliza uliniambia lini!"

"Ulikuwa umebakiza siku thelathini tu mlimani. Ningekushusha ungesema nimekuvurugia kazi ya maisha yako."

"Sawa. Na niliposhuka?"

Taegon akasogeza bakuli lake pembeni.

"Niliposhuka je, Taegon? Miezi miwili tunalala mto mmoja!"

"Uliposhuka ukafungua mdomo." Sauti yake ikawa ndogo. "Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nikajua dansi yangu imepata roho. Nikasema wiki chache zipite, kiuvimbe chenyewe kidogo..."

"Kumbe ulikuwa unacheza ugonjwa wangu."

"Nakupenda, Mirye!"

"Unanipenda! Asubuhi nimekuonyesha damu, ukaniambia nipumzike kidogo!"

Mzee Pyo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Na mimi nikampa hongera," akasema. "Mimi mzee mzima nikampa hongera."

Akainuka, akamshika Mirye mkono, wakatoka kutafuta teksi. Taegon aliwafuata mpaka mlangoni peku, hakuna aliyegeuka.

Daktari hakuzunguka. Ungerudi ule mwezi wa tatu, alisema, tungeukata na ungeimba tena. Sasa ni kisanduku chote cha sauti kooni kitoke, Ijumaa asubuhi, tuokoe uhai; sauti yako hutaisikia tena. Mirye aliuliza mara tatu, jibu likawa lile lile. Usiku huo alilia mpaka manesi wakamhurumia.

Alhamisi jioni Taegon alifika wodini na bakuli la uji wa njugu za msonobari. Uso umemvimba, ndevu hazijanyolewa. Akapiga magoti kando ya kitanda, wagonjwa wote wanaangalia.

"Nimelifuta onyesho. Mirye, nitukane. Nilaani. Sema lolote, neno moja tu, nitabeba."

Mirye alimtazama. Miaka sita alimpenda mtu huyu, na kilichomuuma kuliko koo ni kwamba bado anampenda. Akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua simu, akaandika taratibu. Mfukoni kwa Taegon simu ikatetemeka.

"Sauti niliyobakiwa nayo ni ya leo tu. Wewe sikupi."

Taegon alisoma, akasoma tena. Akaacha bakuli juu ya meza, akatoka huku anajishika ukutani.

Mirye hakumwangalia akitoka. Alikuwa anampigia mama yake kule kwao Muan, aliyekuwa anafungasha nguo apande basi la kesho asubuhi.

"Mama."

"Mwanangu! Usiongee, koo litauma. Mimi nakuja."

"Liume tu. Ukifika nitakuwa nimeshaingia chumba cha upasuaji. Niulize kitu, mama. Niulize chochote."

Upande wa pili mama alilia kidogo, akajikaza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali na supu ya mwani. Haina chumvi."

"Blanketi linatosha?"

"Linatosha, mama. Niulize jingine."

Mama akauliza jingine, na jingine tena, na Mirye akamjibu yote, mpaka nesi alipokuja kumwambia muda wa kulala umefika.